Ruhusa Niliyopewa kwa Utani

Mimi ni wakili wa kesi za kazi. Kwa miaka mingi nimekula na kuvaa kwa kuwauliza watu swali moja tu: "Iko wapi kwa maandishi?" Nimemuuliza dereva aliyefukuzwa kwa simu. Nimemuuliza mpishi wa shule. Nimewauliza vibarua wa tumbaku waliotoka Ipole alfajiri, wakakaa watatu kwenye viti viwili mbele ya meza yangu. Anayenijibu "bosi alinitamkia mwenyewe" namsikitikia kimoyomoyo, kisha namweleza kwa upole kwamba bosi huyohuyo akiapishwa atasema hakumbuki. Mwaka ambao mimi mwenyewe nilihitaji karatasi, sikuwa nayo. Mganga hajigangi, na anayebisha aje aniulize mimi.

Ofisi yetu iko Gongoni, mjini Tabora, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo hoja zetu nyingi za kisheria zimeandikwa huku mtu akikata mabomba chini. Tulikuwa wanne: bosi mwenye ofisi, mimi niliyeajiriwa kama wakili wa pili, katibu aliyechapa kila kitu kilichotoka pale, na karani wa kufuatilia majalada mahakamani. Bosi ni Mzaramo. Mimi ni Mnyamwezi, mzaliwa wa Ziba. Mtu wa Tabora akisikia hivyo tu anaanza kutabasamu, kwa sababu anajua sisi ni watani.

Kwa asiyejua, nieleze. Babu zetu walishuka pwani na mizigo ya pembe, wakarudi na vitambaa na shanga. Ukipita nchi ya watu kila mwaka, ukanywa maji yao, ukawaachia wagonjwa wako wakuuguzie, unazaliwa ujamaa ambao si wa damu wala wa ndoa. Mtani anakutukana na huruhusiwi kununa. Anakamata kuku wako na huruhusiwi kudai. Bosi alikuja Tabora kwa njia ileile ya misafara, ila yeye alikuja kwa treni, na begi lake, kama alivyopenda kujigamba, lilibebwa na Mnyamwezi kutoka stesheni.

Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo mtani," naye akajibu, "Marahaba mpagazi. Leo umebeba nini?" Nikamwambia nimebeba aibu ya Wazaramo, watu wakisikia ngoma wanaacha ubwabwa jikoni ukaungua. Katibu alicheka kila siku kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anasikia. Baba yangu alipofariki, mzee yule alikodi gari hadi Ziba, akavaa kofia ya marehemu, akajilaza kando ya kaburi na kusema hazikwi mtu hapa mpaka apewe jogoo. Mama, ambaye alikuwa hajala siku mbili, alicheka hadi akashika ubavu, kisha akaomba uji. Wema ule sitausahau. Nautaja mapema kwa sababu baadaye nitamsema.

Kwa miaka saba sikuwahi kumwomba chochote bila utani. Nikitaka ruhusa ya kwenda hospitali, nilisema malaria hii imetumwa na wachawi wa Kizaramo. Nikitaka kesi yangu apewe mwingine, nilisema ina harufu ya nazi. Ilikuwa njia tamu, nakiri. Ukikubaliwa, umepata. Ukikataliwa, hukukataliwa, mlikuwa mnacheka tu. Nilijiona mjanja kuliko wateja wangu wote, wale wanaoingia kwa mabosi wao mikono nyuma na kutoka wamelowa jasho.

Kisha mke wangu akajifungua mapacha. Majina yao kila mtu wa huku anayajua bila kuambiwa, maana mapacha wa kwetu huitwa yaleyale mawili, kwa hiyo sina haja ya kuyaandika. Mke wangu ni muuguzi mkunga katika hospitali moja mjini. Kwa mtoto mmoja sheria ingempa siku themanini na nne. Kwa kuwa walikuwa wawili, ilimpa mia moja. Mimi ilinipa tatu. Ya kwanza niliimaliza nikikimbia kati ya wodi na duka la dawa, ya pili nililala kwenye benchi, ya tatu niliosha masufuria. Siku ya nne nilikuwa mahakamani nimevaa joho, namtetea mama aliyenyimwa likizo ya uzazi. Nilitetea vizuri sana. Niliporudi nyumbani nilimkuta mke wangu analia kwa uchovu, mtoto mmoja titi la kulia, mwingine la kushoto.

Mama yangu alikuja kutoka Ziba akakaa nasi karibu miezi mitatu. Lakini mbingu ilipoanza kufunga upande wa mashariki, nilimwona anavyosimama mlangoni na kunusa hewa. Majaruba ya mpunga hayamngoji mtu. Wasichana wawili wa kazi walikwisha kuja na kuondoka. Wa pili aliondoka akaacha hata ndala zake. Na siku mia za mke wangu zilikuwa zinaisha.

Hali yake ilikuwa hivi. Alifanya kazi kwa mkataba miaka minne, na ndiyo kwanza alikuwa ameingizwa kwenye ajira ya kudumu, bado yuko katika kipindi cha majaribio. Metroni, mwanamke mkali lakini wa haki, alikubali kumweka zamu ya jioni kila siku, kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku, ili asubuhi awe na watoto. Alimpa sharti moja: asichelewe. Akiharibu majaribio, ajira inapotea, na mkataba wa zamani haupo tena. Kwa hiyo mtu mwingine alitakiwa awe nyumbani saa saba na nusu mchana, kila siku ya kazi, kwa muda wa miezi sita hivi. Tulihesabu watu wote tunaowajua. Tukabaki wawili, yeye na mimi.

"Basi ni mimi," nilisema.

Mama alikuwa anapepeta mchele. Alisimama. "Mwanaume gani anashinda na watoto mchana?"

"Huyu uliyemzaa, mama."

Alirudia ungo wake. Kesho yake, kabla ya kufunga mizigo yake, aliniita uani, akanitupia kanga. "Kama umeamua, basi jifunze kufunga. Wakikuangukia, usiseme sikukufundisha." Alinifundisha mara tatu, mtoto mmoja mgongoni, mmoja kifuani, akanizungusha kama fundi anayeangalia kiti alichokitengeneza, akasema itafaa.

Siku iliyofuata nilikwenda kumwomba bosi. Nilikwenda kwa njia niliyoizoea. Nilisimama katikati ya chumba cha nje, katibu na karani wakiwepo, nikasema kwa sauti kwamba Mnyamwezi amechoka kubeba mizigo ya watu wa pwani, sasa anataka kubeba ya kwake, na anaomba awe anaachiwa saa sita mchana akalee mapacha. Bosi alitoka chumbani kwake, akasimama mlangoni, akainua mkono kama liwali.

"Mimi, mwenye pwani, leo namtua mpagazi huyu mzigo! Kila siku saa sita aende akanyonyeshe!"

Karani alipiga makofi. Katibu alifuta machozi ya kicheko. Mimi niliinama mpaka chini kama ninayepokea kilemba.

Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba nimepewa.

"Kakubali?"

"Mbele ya watu wote."

"Kasemaje?"

Nikayarudia maneno yale, na mkono nikainua. Hakucheka. "Hayo ndiyo makubaliano?"

Nilimwambia kwao Kagera hawana utani kama wetu, ndiyo maana haelewi. Alinitazama kidogo, akaendelea kukunja nepi.

Kwa wiki tano mambo yalikwenda vizuri ajabu. Nilifika ofisini saa moja asubuhi, kabla hata wa duka la chini hawajafungua. Mahakama zinaanza saa tatu, na kesi nyingi huja kutajwa tu, tarehe ipangwe, mkono wa hakimu uandike, mtoke. Hati nilizipeleka kwa mtandao. Wateja niliwaita mapema. Nilishangaa kugundua kwamba kilichokuwa kinajaza mchana wangu miaka yote ile hakikuwa kazi. Nilikuwa nikimsubiri mteja, nikisubiri umeme, nikisubiri bosi amalize kunitania.

Saa saba mke wangu alinikabidhi watoto na maziwa aliyoyakamua, akaenda. Wanaume wa kijiwe cha kahawa cha mtaani kwetu walinipa jina ambalo halistahili kuandikwa. Nililipokea. Mwanaume aliyefunga watoto wawili mwilini hana mkono wa kupigania jina. Nilijifunza kwamba mkubwa hulala ukimtembeza na mdogo hulala ukisimama, na kwamba haiwezekani kutembea na kusimama kwa wakati mmoja. Nilijifunza kuandika hoja za mwisho kwa kidole gumba kwenye simu. Bosi alinipigia kama saa tisa kuuliza jalada, akaanza na, "Mpagazi, maziwa yametoka?" nami nikamjibu yametoka, mtani, ya kwako nimekuwekea. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimechoka kama punda, lakini nilikuwa na furaha.

Wiki ya sita katibu wetu aliingia chumbani kwa bosi na kufunga mlango. Alikuwa na ujauzito wa miezi saba. Ukuta kati ya chumba cha bosi na changu ni wa mbao nyembamba, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mzee, naomba na mimi nikirudi kutoka kujifungua niwe natoka saa sita, miezi mitatu tu. Kama kaka wakili."

"Kama nani?"

"Kaka wakili."

"Yule nilimtania, mama. Ofisi hii haina kitu kama hicho. Ukijifungua una siku zako themanini na nne. Ukirudi, ni kazi."

"Lakini anaondoka kila siku, mzee."

"Yule ni mtani wangu. Wewe ni mtani wangu?"

"Hapana, mzee."

"Basi."

Alitoka, akakaa mezani kwake, akaendelea kuchapa. Alikuwa anachapa hati yangu mimi. Nilipaswa kuingia kwa bosi dakika ileile. Nilitazama saa. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Nikachukua mkoba wangu, nikampita bila kumtazama, nikaenda nyumbani. Nimefanya makosa mengi maishani, mengine makubwa kuliko hilo, lakini hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Malipo hayakuchelewa. Wiki iliyofuata bosi aliweka jalada juu ya meza yangu: shauri la ardhi Nzega, mashahidi siku nzima, kesho yake.

"Mtani," nilisema, "na saa sita yangu?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Nataka hili lieleweke, maana ningependa kusema alikuwa na hila. Hakuwa nayo. "Ile? Mpagazi, uliichukulia kweli? Nilikuona unaibaiba saa, nikakuacha kwa sababu ya watoto. Sasa kazi imekuja."

Nilikwenda Nzega. Ningefanya nini? Kama ningekuwa mteja wangu mwenyewe, ningejiuliza iko wapi kwa maandishi, na ningejibu, bosi aliinua mkono kama liwali. Shahidi wa mwisho alishuka kizimbani saa kumi jioni. Kule Tabora mke wangu alisubiri jirani aliyekuwa amekwenda kusaga unga, akamwachia watoto, akafika kazini amechelewa saa moja na nusu. Wodini kulikuwa na wajawazito wawili kwenye uchungu na muuguzi mmoja. Walijifungua salama, Mungu mkubwa. Lakini alipewa barua ya kujieleza, na metroni akamwambia kwa mdomo kwamba nyingine kama hiyo itaingia kwenye jalada lake la majaribio, na hapo hatakuwa na la kumsaidia.

Aliweka barua ile mezani mbele yangu, karibu na sahani.

"Mimi sina mtani hospitalini," alisema. "Kule tunaandikiana."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. Nilikasirika, na nilimkasirikia kila mtu: bosi, metroni, shahidi wa Nzega aliyejibu kila swali kwa hadithi. Nilipowamaliza wote nikabaki na mimi. Mtu mzima, msomi wa sheria, nilikuwa nimeuweka mkate wa mke wangu juu ya kicheko. Na kile nilichopewa kwa kicheko kilikuwa kimemfungia mlango mwanamke aliyeomba kwa adabu. Nikaapa pale mezani kwamba sitaomba tena kitu chochote kwa bosi yule huku nikicheka.

Jumamosi nilikwenda nyumbani kwa katibu. Nilimwambia nilisikia, na kwamba nilichukua mkoba nikaondoka.

"Nilikuona, kaka," alisema.

Nilimwambia naandika utaratibu wa ofisi, wa likizo za familia na saa pungufu za kazi, na nataka aniambie yeye anahitaji nini.

"Andika ya kwako, kaka. Ya kwangu yatayaangusha ya kwako."

"Basi yataanguka yote."

Alinikaribisha ndani. Tulikaa tangu asubuhi hadi adhuhuri ikapita, mimi nikisema, yeye akichapa kwenye kompyuta ya mume wake. Nilizoea kufikiri kwamba katibu huchapa anachopewa. Alinisahihisha mara nyingi kuliko majaji. Nilipoandika kwamba mama mzazi ataruhusiwa kufanya kazi nusu siku, alisimamisha vidole. "Wewe ni mama mzazi?" Nikasema hapana. "Basi andika mfanyakazi." Tukaandika mfanyakazi. Mfanyakazi mwenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja, au mwenye mgonjwa wa kuuguza nyumbani, atafanya nusu siku kwa nusu mshahara hadi miezi sita. Kesi za nje ya mji zitajulikana siku saba kabla. Siku moja kwa wiki atakaa mpaka jioni, ili mteja anayetoka mbali asikose mtu; siku hiyo ya kwangu, jirani yetu alikuwa amekubali kukaa na watoto. Kurasa mbili, hakuna neno la kubembeleza hata moja. Nilikuwa pia nimeipitia dayari ya ofisi ya mwaka mzima na kuhesabu kesi zangu zilizosikilizwa mchana. Zilikuwa kumi na moja.

Nyumbani niliandika karatasi ya tatu, fupi, nikaitia kwenye bahasha. Hiyo ilikuwa barua ya kuacha kazi. Mke wangu aliisoma, akairudisha kwenye bahasha mwenyewe.

Jumatatu, bosi alipotoka mahakamani kama saa tano, niligonga mlango wake. Sikuwahi kuugonga kabla ya siku ile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mpagazi! Tangu lini Mnyamwezi anabisha hodi? Leo umebeba nini?"

Sikujibu. Nilimwekea karatasi mbili mezani na kubaki nimesimama. Sijui kama mtu asiye na mtani anaweza kuelewa uzito wa jambo hilo. Mtani hanyamaziwi. Hata kaburini, baba yangu akiwa kwenye jeneza, tulijibizana. Aliningoja. Akaondoa miwani.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mzee. Naomba usome."

Alisoma ukurasa wa kwanza. Uso wake ulibadilika taratibu, na niliona kwamba hakuwa amekasirika. Alikuwa ameumia.

"Nimekukosea nini, mwanangu?"

"Hujanikosea."

"Ungeniomba tu. Ungekuja kama siku zote, ungesema lako, nami ningekupa. Nzega ningekwenda mwenyewe. Haya ya kuandikiana ni ya watu wasiojuana."

"Ungenipa mimi, mzee. Na huyo aliye hapo nje?"

Alitazama mlango. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mashine ya kuchapa ya katibu, ile kompyuta yenye vitufe vya kelele, ilikuwa kimya.

Alijitetea, na hakujitetea kijinga. Ofisi ya mawakili wawili si wizara. Mteja akija saa nane akakuta kiti kitupu, ataenda kwa wakili wa jirani. Mahakama haijui kwamba wewe una mapacha. Nikamwonyesha kesi kumi na moja. Nikamwonyesha siku ya kukaa mpaka jioni. Akauliza nani atachapa katibu akiwa nusu siku. Nikasema mimi na yeye tutachapa, tuna vidole. Hapo zamani angecheka. Alinitazama tu.

Mwishowe nikasema kilichonileta. "Babu zangu unaowacheka kila asubuhi walikuwa na utaratibu wao. Masharti yakivunjwa njiani, walitua mizigo chini wakaikalia, na msafara wote ukasimama hapohapo mpaka mwenye mali akubali. Sisemi kwa utani, mzee. Nikitoka humu bila sahihi yako, nimetua." Nikaiweka bahasha karibu na karatasi zile.

Hakuifungua. Alivuta kalamu nyekundu anayotumia kusahihishia hati zetu, akaanza kusoma upya kutoka juu, kama anavyosoma mkataba wa mtu asiyemwamini. Alibadilisha siku saba kuwa tano. Nikakubali. Aliongeza kwamba ombi lipelekwe mwezi mmoja kabla, isipokuwa kwa dharura. Nikakubali, maana lilikuwa jambo la busara, na langu lilikuwa dharura. Kisha kalamu ikafika kwenye neno mfanyakazi, na mbele yake akaandika kwa herufi ndogo: wa kike.

"Hili ni sawa," alisema. "Katibu apate, na wengine watakaokuja. Wewe tutaelewana mimi na wewe."

Pale palikuwa na mlango uliofunguliwa nusu, na nilijua upande wa pili kuna kila kitu nilichokipenda katika ofisi ile: vicheko vya asubuhi, kofia ya baba, saa sita yangu ya kupewa na kunyang'anywa. Nilisimama. Chini walikuwa wanakata bomba, wakamaliza, wakaanza jingine. Niliwaza saa nane ya mke wangu, nikaendelea kusimama.

Aliyafuta yale maneno mawili kwa mstari mmoja mwekundu. Akatia sahihi kurasa zote mbili, akavuta muhuri, akaupiga kwa nguvu hata kikombe cha chai kikaruka.

"Inaanza lini?"

"Leo, mzee. Kifungu cha mwisho."

Akavaa miwani na kutazama saa ya ukutani. "Basi saa sita imepita, wakili."

Hakuwahi kuniita wakili kabla ya siku ile, na hajaniita kitu kingine tangu siku ile. Ni mtu wa haki. Katibu alipojifungua alimpa siku zake zote na miezi mitatu ya nusu siku, na tulichapa wenyewe kwa vidole viwili viwili, hati zikijaa makosa. Hajawahi kuvunja kifungu hata kimoja. Kila asubuhi namwamkia, anaitikia marahaba, kila mmoja anaingia chumbani kwake. Nimejaribu mara mbili tatu kumtupia neno la Wazaramo na ubwabwa wao. Anatikisa kichwa kwa adabu, kama anavyofanya kwa mteja. Inaniuma, na siwezi kumlaumu, kwa sababu mimi ndiye niliyenyamaza kwanza. Ningelazimika kuchagua tena kesho, ningegonga mlango uleule.

Siku ile nilikwenda nyumbani kwa bodaboda, karatasi nimeziingiza ndani ya shati zisipeperuke. Mke wangu alikuwa amevaa sare, amesimama sebuleni na mtoto mmoja begani, mwingine amelala kwenye mkeka. Nilimpa karatasi. Hakuketi. Alizisoma zote mbili, mstari kwa mstari, namna anavyosoma kadi ya mgonjwa kabla ya kumchoma sindano. Alipofika penye wekundu alisogeza karatasi karibu na macho.

"Hapa alitaka kuandika nini?"

"Wa kike."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nilisimama mpaka akafuta."

Aliitazama sahihi, akautazama muhuri, akapitisha kidole juu yake kuona kama wino umekauka. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama karatasi. Ilikuwa saa saba na nusu. Alimtoa mtoto begani kwake, akanikabidhi, akachukua mkoba wake.

"Huyo hajacheua," alisema, akatoka kwenda kazini.